Betri haijai, breka inanuka: waya wa soketi kwenye sola

SWALI: Fundi, habari za kazi. Niko Tandahimba. Baada ya mauzo ya korosho nilinunua paneli mbili za wati 200, betri ya maji ya volti 12 yenye Ah 200, kontrola ya ampea 40 (ya kusimamia chaji ya betri) na inveta ya wati 1000. Paneli zimeungwa sambamba. Toka kwenye bati hadi kontrola ni mita 15 za waya wa mm 2.5, katikati kuna breka ya nyumbani ya ampea 20. Betri haijai hata jua liwake kutwa, na mchana breka inapata moto na kunuka. Aliyenifungia anasema umeme ni umeme, waya wa soketi unatosha. Ni kweli?

JIBU: Nzuri, kaka. Si kweli. Kwenye soketi ya TANESCO una volti 230. Zikipotea 4 njiani hakuna atakayejua. Kwako zikipotea 4, betri haijai.

Tupige hesabu. Waya wa shaba wa mm 2.5 una ukinzani wa kama omu 7.4 kwa kilomita. Mita 15 za kwenda na 15 za kurudi (za kurudi ndizo zinazosahaulika) ni 30, sawa na omu 0.22. Jua la saa sita paneli zako zikitoa ampea 20, zinapotea volti 4.4. Nyuma ya paneli pameandikwa volti 18 hivi, lakini hizo zilipimwa seli zikiwa nyuzi 25. Juu ya bati seli hupita nyuzi 60, volti zinashuka hadi karibu 16. Toa 4.4, zinabaki 11.6 hivi. Betri ya maji inataka kama 14.4 ili ijae, kwa hiyo ampea zinapungua zenyewe na betri inabaki nusunusu mpaka jua linazama.

Usiniamini mimi, iamini mita ya kupimia umeme. Saa sita, betri ikiwa inachaji, weka mita kwenye volti za DC (umeme wa paneli na betri), pima juu kwenye paneli kisha chini kwenye skrubu za kontrola. Tofauti ndiyo inayoliwa na waya.

Kesho yake asubuhi, jua likiwa bado hafifu ili upotevu wa waya usikudanganye, pima tena hapo chini, kisha pima na betri. Ikiwa haijajaa na volti za upande wa paneli zinakaribiana na za betri, kontrola yako ni PWM (aina rahisi, inayovuta volti za paneli zilingane na za betri), hata kama kasha limeandikwa MPPT (aina inayogeuza volti za ziada kuwa ampea); za namna hiyo madukani zimejaa. Kwa PWM badilisha waya uwe mm 10, upotevu unashuka hadi volti 1.1 hivi, au sogeza kontrola na betri karibu na paneli. Ikiwa ni MPPT ya kweli, unga paneli mfululizo, chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine: ampea zinabaki 10, volti zinakuwa maradufu, na mm 6 unatosha. Ila soma kwanza kontrola inabeba volti ngapi, maana paneli mbili zisizo na mzigo hufika 45.

Breka ndiyo inayonitisha zaidi. Umeme wa AC, yaani wa TANESCO, hupita sifuri mara 100 kwa sekunde, ndipo cheche ndani ya breka inapozimika. DC haina sifuri hiyo. Ukiikata ikiwa na mzigo, cheche inaweza kuendelea kuwaka mpaka plastiki iyeyuke. Nunua ya DC, ampea 32, baada ya kuweka waya mnene, na angalia alama za + na −, kwa kuwa nyingine zikigeuzwa hazizimi cheche. Hiyo inayonuka usimpe mtu.

Kabla ya kugusa chochote funika paneli kwa turubai zito. Kwenye kontrola chomoa nyaya za paneli kwanza, za betri baadaye. Wakati wa kurudisha, anza na betri.

Hukuuliza, lakini inveta ya wati 1000 kwa volti 12 huvuta zaidi ya ampea 90. Kati yake na betri weka waya wa mm 35, usiozidi mita moja na nusu, na fyuzi ya DC ya ampea 125 karibu kabisa na nguzo chanya ya betri. Kazi hiyo mpe fundi mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), na mwambie akuoneshe.