Kulehemu SMD nyumbani bila blowa: inawezekana

Mkuu, umeuliza kama unaweza kulehemu komponenti za SMD (vile vipande vidogo vinavyolehemiwa juu ya uso wa bodi) hapo kwako Tabata kwa pasi ya kulehemu tu, au mpaka ujichange ununue blowa ya hewa ya moto. Wadau wawili hapo juu wamekwambia bila blowa na darubini usijisumbue. Mimi nawabishia. Bodi zangu nyingi nimezifunga kwenye meza ya sebuleni kwa pasi inayorekebishwa joto, kibano cha ncha kali, miwani ya kukuza na flaksi, ile dawa ya kusafisha shaba wakati wa kulehemu. Na kama hela yako inatosha kitu kimoja tu kizuri, hicho kiwe flaksi.

Risasi ya kulehemia ikiyeyuka hushika shaba safi. Shaba ikikaa hewani inapata utando, na risasi ikikutana na ule utando inajikusanya kitone, haisambai. Flaksi inauondoa, halafu risasi inajivuta yenyewe kwenye pedi, yaani kile kibati cha shaba cha bodi. Ule waya wa risasi una flaksi kidogo ndani, lakini inaungua mapema. Ukiendelea kugusagusa bila kuongeza nyingine, risasi inavutika kama bigijii na miguu ya IC (chipu) inashikana.

Kosa naloliona kwa wengi ni kutafuta ncha nyembamba kuliko zote, eti kwa sababu kitu ni kidogo. Ncha hiyo haipitishi joto vizuri, unang'ang'ania hapo hapo mpaka pedi inabanduka. Tumia ncha bapa ya milimita 2 hivi. Risasi chukua ya 63/37 (bati asilimia 63, madini ya risasi 37), inayeyuka na kuganda kwenye nyuzi 183. Pasi iweke 320 mpaka 350. Ile isiyo na madini ya risasi inaanzia kama 217, iache kwanza.

Anza na saizi ya 0805, yaani milimita 2 kwa 1.25. 0603 ni 1.6 kwa 0.8, utaizoea. 0402 ni milimita 1 kwa nusu, hiyo ukipiga chafya umeachana nayo. Feni nayo izime. Najua joto la Dar mwezi wa kwanza, lakini vumilia.

Rezista inakwenda hivi: weka risasi kidogo kwenye pedi moja tu. Ishike rezista kwa kibano, yeyusha ile risasi, isogeze iingie, toa pasi, subiri igande ndipo uachie kibano. Lehemu upande wa pili, kisha rudi wa kwanza na flaksi kidogo. Rezista utaisoma, 103 (yaani 10 na sufuri tatu) ni kilo-omu 10. Zile kapasita ndogo za kahawia hazina maandishi kabisa, kwa hiyo fungua pakiti ya aina moja, imalize, ndipo ufungue nyingine.

IC yenye miguu mingi inatisha bure. Ilinganishe na pedi, shikiza mguu wa pembeni, kagua pande zote, shikiza wa pembe ya mkabala. Mwagia flaksi, weka risasi kidogo kwenye ncha, iburute taratibu juu ya mstari wa miguu. Miguu miwili ikishikana, futa ncha, ongeza flaksi, pitisha tena. Ikigoma, kuna waya wa shaba wa kunyonyea risasi.

Kabla ya kuwasha, weka multimita kwenye mlio, pima kati ya chanya na graundi. Mlio mfupi unaokatika mara nyingi ni kapasita inajaa. Usiokatika ni shoti, itafute kwanza.

Moshi unaouona ni wa flaksi, na kwa mwenye pumu si mzuri, fungua dirisha. Madini ya risasi kwa joto hilo hayageuki mvuke. Yanaingia kwa mikono, kwa hiyo nawa kabla ya kugusa chapati. Mazoezi fanyia kwenye bodi ya king'amuzi kibovu, siyo ya simu ya shemeji.

Pasi inashindwa pale chipu inapokuwa na pedi chini ya tumbo, au vitone vya risasi vilivyojificha chini yake. Hapo nenda Kariakoo, mafundi simu wanazing'oa na kuzirudisha kila siku. Patana bei kabla hajawasha blowa.