Usiipeleke barua ya kuacha kazi: jibu kwa ndugu anayesema "mtendaji hayupo"

Usiipeleke barua hiyo. Nimelisoma andiko lako mara mbili, na ninajua kwamba umeuliza mambo matatu: kama ufahamu unaoyatazama mawazo ndio roho tuliyofundishwa utotoni, namna ya kuketi kimya kwa tafakuri na muda wa kuketi, na kwa nini utulivu unaoupata alfajiri hutoweka kabla ya saa nne. Kilichonishtua si swali lolote kati ya hayo. Ni sentensi mbili za mwisho ulizoziandika kana kwamba ni habari njema: kwamba barua ya kuacha kazi iko tayari kwa sababu umetambua kuwa hakuna mtendaji, na kwamba baba yako mkubwa amekupigia simu mara tatu kuhusu kesi ya mpaka wa shamba, nawe hukupokea kwa kuwa "hakuna mtu wa kupokea". Mimi niliwahi kuizungumza lugha hiyo kwa ufasaha kukushinda, na mama yangu ndiye aliyeilipia, kwa mguu wake.

Nilikuwa katika mwaka wa tatu wa kuyafuatilia mafundisho haya ya Advaita kutoka India, yanayosema kwamba nafsi ya kweli ni moja tu na kwamba "mimi" anayetenda ni dhana, nikiishi Dar es Salaam, na mama akiwa Tanga na dada yangu. Mama alikuwa na kisukari tangu nilipokuwa sekondari, kwa hiyo nyumbani tulikwisha kukizoea, kama watu wanavyozoea paa linalovuja. Dada akanipigia kunieleza kwamba kidonda kidogo cha kisigino kilikuwa hakifungi, kwamba kilikuwa kimeanza kutoa harufu, na kwamba mama alikuwa akikificha ndani ya soksi ili asisumbue watu. Aliniomba mambo mawili: fedha za gari na matibabu, na sauti yangu, kwa maana mama alikuwa amekataa katakata kwenda hospitali, na mtu pekee aliyeweza kumgeuza ni mimi, kitinda mimba wake. Ilikuwa imebaki siku moja nianze mafungo ya ukimya ya siku kumi kwa njia ya mtandao, mafungo niliyoyalipia mshahara wa mwezi mzima na nusu. Nilimjibu dada kwa upole mkubwa, upole ambao kila ukinirudia masikioni natamani ardhi ipasuke niingie: "Mwili ndio unaougua, dada. Mama mwenyewe, yule wa kweli, hajawahi kuugua hata siku moja."

Dada alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Sasa huyo wa kweli nimpeleke hospitali gani?"

Nilidhani hajaelewa. Nikamsikitikia, nikazima simu, nikaketi.

Siku ya kumi na moja niliiwasha, na ujumbe wa kwanza kuusoma ulitoka kwa jirani, si kwa dada, kwa sababu dada alikuwa amechoka kuniandikia. Mguu ulikuwa umekwisha kukatwa chini ya goti. Daktari alinieleza baadaye, bila hasira yoyote, jambo ambalo ningeweza kuelezwa na mtu yeyote kama ningeuliza: sukari iliyopanda kwa miaka mingi huziharibu neva za miguu, damu nayo hupita kwa shida katika mishipa midogo, hivyo mgonjwa huweza kuwa na kidonda kinachooza asisikie maumivu ya kutosha kumshtua, na katika hali hiyo siku chache huweza kuamua kama kitakachokatwa ni kidole au ni mguu. Mama hakuwa akilalamika. Mimi, katika hekima yangu, niliuchukua ukimya wa neva zilizokufa kuwa ushahidi wa roho iliyotulia. Nilikuwa hata nimewasimulia wenzangu wa darasani kwamba mama yangu, bila kusoma chochote, ameufikia utulivu wa ndani.

Aliporudi nyumbani nilijaribu kumweleza, kwa machozi safari hii, kile nilichokuwa nikikitafuta: kwamba ndani ya kila mmoja wetu yupo shahidi anayeona kila kitu na asiyeguswa na chochote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama alivyonisikiliza siku zote. Kisha akasema, "Mwanangu, huyo shahidi wako asiyeguswa na kitu, mwambie anishike mkono nifike msalani." Nikamshika. Naweza kukuapia kwamba katika miaka mitatu ya kuketi sikuwahi kupewa fundisho lililonyooka kiasi hicho, na hilo sikulipishwa.

Maana nililipishwa mengi. Mwalimu wangu, ambaye sitamtaja na ambaye sijawahi kukutana naye ana kwa ana, alikuwa akifundisha kutoka ng'ambo kwa sauti laini ya mtu aliyelala vizuri maisha yake yote. Wimbo wake ulikuwa mmoja: hakuna mtendaji, hakuna cha kufanya, kila kitu kinajitokeza chenyewe. Mtu akimuuliza kuhusu ndoa iliyovunjika, humjibu kwamba hakuna aliyeoa. Akiulizwa kuhusu deni, husema hakuna mdaiwa. Nilipoandika kuomba nirudishiwe angalau sehemu ya fedha za mafungo yaliyofuata, ambayo nilikuwa nimekwisha kuyalipia, ili nimnunulie mama kiti cha magurudumu, nilijibiwa ndani ya dakika ishirini kwamba masharti hayaruhusu. Mtu hayupo, lakini masharti yapo, na yana namba za vifungu. Nimejitahidi kusamehe, siku nyingine nafaulu, na leo si mojawapo.

Ubaya mkubwa wa watu wa aina hii ni kwamba wanaiuza nusu ya fundisho kwa bei ya zima. Advaita, yaani "pasipo uwili", si maneno ya juzi. Shankara aliyafafanua huko India yapata karne ya 8, na yeye na wafuasi wake walikuwa waangalifu sana kutenganisha ngazi mbili za kusema. Ipo ngazi ya ukweli wa mwisho, wanayoiita paramarthika, ambamo nafsi ya kweli ni moja tu, haizaliwi wala haifi. Na ipo ngazi ya shughuli, vyavaharika, ambamo kuna mama, kidonda, mwajiri na mpaka wa shamba, na ambamo moto huunguza. Ngazi ya kwanza haiifuti ya pili mpaka mtu aitambue kwa yakini, na hata akiitambua, mwili wake bado utahitaji chakula. Wenyewe wana mfano ambao ningepaswa kuuandika ukutani kabla ya kulipa hata shilingi: anayeona njaa ndotoni hushibishwa na chakula cha ndotoni. Humwambii mtu aliye ndani ya ndoto avumilie njaa kwa sababu kitandani kwake alilala ameshiba.

Hiyo ndiyo kanuni yangu, na sina nyingine. Jambo likikujia katika ngazi ya mwili, lijibu katika ngazi ya mwili, na ulijibu kabla hujaketi. Kuipokea simu ya baba mkubwa ndicho chakula cha ndotoni. Barua ya kuacha kazi nayo ni ya ndotoni, na ada za watoto ambazo barua hiyo itazikata ni za humo humo.

Najua utakalonijibu, kwa sababu nilikuwa nikilijibu mimi: "Mbona Ramana Maharshi aliacha kila kitu?" Basi tumtazame huyo Ramana, mwalimu mashuhuri wa njia hii kutoka kusini mwa India. Mwaka 1896, akiwa na miaka 16, alishikwa ghafla na hofu ya kifo nyumbani kwa ami yake mjini Madurai. Akajilaza kama maiti, akajiuliza ni nani hasa anayekufa, na kilichobaki baada ya swali hilo hakikumwacha tena. Wiki chache baadaye aliondoka kwenda Tiruvannamalai, mji wa hija. Wasimuliaji wa mtandaoni huishia hapo, wakaiacha habari ya rupia. Kaka yake alikuwa amemwachia rupia 5 za kulipa karo. Kijana alichukua 3 za nauli, akaziacha 2 pamoja na barua iliyoeleza kwamba karo haijalipwa. Huyo alikuwa amekwisha kufa akiwa hai, na bado alihesabu chenji ya kaka yake.

Nami ninayemhusudu nilimkuta mahali pengine panaponichoma zaidi. Mama yake alikuja kuishi naye mwaka 1916, na alipofikia saa zake za mwisho, Mei 1922, mwanawe hakumweleza kwamba mwili ni kivuli. Aliketi kando yake mchana kutwa, mkono mmoja juu ya kifua cha mama na mwingine kichwani, mpaka alipokata roho usiku. Mimi nilikuwa na picha ya mtu huyo ukutani wakati dada yangu alipopiga simu.

Nisargadatta wa Mumbai, mwalimu mwingine wa Advaita, ambaye maneno yake umeyanukuu, alikuwa na mke, watoto na maduka ya kuuzia sigara za bidi. Mwalimu wake alipofariki mwaka 1936, naye aliiacha familia akawa mtangatanga, kisha akarudi nyumbani, akaendelea na biashara, na wageni aliwapokea katika chumba kidogo cha juu cha nyumba yake. Hiyo sehemu ya kurudi hukuinukuu.

Ramakrishna, mwalimu wa kiroho wa Bengal, India, alikuwa na kisa kinachonicheka uso kwa uso. Mwanafunzi alifundishwa kwamba kila kitu ni Mungu. Siku moja tembo mwenye kichaa akaja mbio, na mwendesha tembo juu yake akipiga kelele watu wapishe njia. Mwanafunzi akabaki amesimama akiimba sifa, kwa kuwa tembo naye ni Mungu. Alipookotwa akiwa hoi, mwalimu wake alimuuliza: kama tembo alikuwa Mungu, kwa nini hukumsikiliza Mungu aliyekuwa juu ya tembo akikufokea utoke? Dada yangu alikuwa juu ya tembo. Baba yako mkubwa yuko huko huko, na amekwisha kupaza sauti mara tatu.

Kuhusu roho tuliyofundishwa utotoni, niliwahi kumuuliza mjomba wangu, mtu wa tarika, ambaye amekaa kwenye halka za dhikri tangu kabla sijazaliwa. Alinikataza kuyachanganya mafundisho kama uji na chai, akasema kila kimoja kina kikombe chake. Ila alinikumbusha kwamba masufi wana fanaa, mja kupotea mbele ya Mola wake, na wana baqaa, kubaki naye na kurudi kwa watu, na kwamba Junayd wa Baghdad, sufi mashuhuri aliyefariki mwaka 910, aliuweka uzinduko juu ya ulevi wa kiroho. "Fanaa isiyo na baqaa," alisema mjomba, "ni kuzimia tu. Watakumwagia maji."

Ufahamu unaoutafuta sijaukana. Bado naketi kila alfajiri, baada ya kumpima mama sukari na kumwandalia chai, na zipo asubuhi ambazo mwenye kuketi haonekani, kinabaki kuona tu. Mama akiita katikati ya asubuhi kama hiyo, ninanyanyuka, na sijaona kitu chochote cha maana kikivunjika.

Ichane barua. Baba mkubwa mpigie leo kabla ya magharibi, na usimweleze chochote kuhusu mtendaji. Muulize tu kesi inatajwa lini na anahitaji nini.