Makuruta, msiibebe bunduki kwa misuli

Juzi vijana wawili wa mtaani kwetu hapa Malindi walinijia jioni, wameitwa kwenda mafunzo ya urenja (askari wa hifadhi) na wanataka kujua habari ya bunduki kabla hawajafika. Mimi nimeifanya hiyo kazi miaka mingi, sasa nimestaafu nafuga mbuzi, basi tukakaa pale barazani mpaka isha. Niliyowaambia wao nawaandikia na nyinyi wengine mnaongojea kuitwa.

La usalama nalipita haraka manake huko mtaimbiwa hadi mchoke: kila bunduki ichukulie ina risasi, mtutu usimwelekee mtu, kidole kiwe nje ya triga mpaka umeamua kupiga. Basi.

Sasa sisi tulipewa bunduki ya G3. Hiyo ni chuma ya zaidi ya kilo 4 kabla hujatia magazini ya risasi 20, na urefu wake ni kama mita moja. Kuruta akiishika mara ya kwanza anafanya vile mtu anavyofanya akipakatishwa gunia la makaa, analala nyuma mgongo umepinda ili uzito usimwangushe mbele. Ukilala nyuma hivyo risasi ikitoka inakusukuma zaidi na ya pili hujui imeenda wapi. Simama kama unasukuma mkokoteni: mguu wa kushoto mbele kidogo (kama unatumia mkono wa kulia), miguu upana wa mabega, kifua mbele, uzito uusikie kwenye vidole vya miguu. Magoti yawe laini. Babangu alikuwa mvuvi wa Mayungu na hili alinifunza kwenye ngalawa kabla sijajua bunduki ni nini, ukikakamaza magoti wimbi dogo tu uko majini.

Mtaona kwa TV wale wa Olimpiki wanasimama wameegemea nyuma kiwiko kimetua kwenye nyonga, msiwaige, bunduki zao ni za risasi ndogo haziwapigi bega kama hii yenu.

Na hilo bega sasa. Kuna kijishimo kati ya kifua na mfupa wa bega, inua mkono utakipata kwa kidole. Kitako cha bunduki kinakaa hapo, unakivuta ndani kikubane. Mimi siku ya kwanza reinji, yaani uwanja wa kupigia shabaha, nilikuwa naiogopa, nikaiacha ina nafasi kidogo na bega, kitako chenyewe kiko huku juu ya mkono, nikapiga risasi zangu kumi, usiku nikavua shati bega limekuwa jeusi kama biringani na wiki nzima nilikuwa naoga kwa mkono mmoja. Bunduki iliyokubana inakusukuma, iliyoachwa na nafasi inakupiga ngumi.

Shavu nalo lilale kwenye kitako, kila mara pahali palepale, usiinue shingo kutazama umepata au la. Mkono wa kulia unashika vile unavyompa mtu mkono, si kukaba. Wa kushoto ni kama rafu ya kuwekea tu, kiwiko kikae chini ya bunduki kisitanuke nje kama bawa la kuku. Hapo ndipo penye siri yote: uzito ushuke kwenye mifupa mpaka ardhini. Msuli unachoka na ukichoka unatetemeka, mfupa hauchoki. Ukipiga goti vilevile, usiweke ncha ya kiwiko juu ya kifuniko cha goti manake mfupa juu ya mfupa unateleza, peleka mkono mbele kidogo nyama ya juu ya kiwiko ndiyo igusane na goti.

Sasa hii ndio wengi hawaambiwi mapema na mimi nilichelewa kuijua. Ukishalala kifudifudi na kulenga vizuri, funga macho. Pumua mara mbili tatu, legea, halafu fungua. Kama bado uko kwenye shabaha, mwili umekaa sawa. Kama mtutu umehama, usiurudishe kwa mikono! Hama wewe. Umelala chini na mtutu umeenda kulia, sogeza nyonga kulia kidogo, mtutu unarudi kushoto wenyewe, funga macho tena uhakikishe. Ukiulazimisha kwa mikono, ukifinya triga tu misuli inalegea na bunduki inarudi kule ilikotaka. Na usidharau hicho kidogo, kwenye G3 ukikosea milimita moja tu kwenye ncha ya mbele ya kulengea, kwa mita 100 umekosa kama sentimita 17. Jicho litazame hiyo ncha, shabaha iache ionekane na ukungu.

Triga ifinywe na nyama ya ncha ya kidole, polepole, ukiwa umetoa pumzi na hujavuta nyingine, na ikishalia usiachie hapohapo. Mlio ukushtue. Sisi mwalimu alituchanganyia risasi za bandia bila kutuambia, zamu yangu nikafinya, ikalia ‘kli’ tu, na mtutu wangu ukainama kama kichwa cha abiria anayesinzia kwenye matatu ya Mombasa. Reinji nzima ilicheka. Yaani nilikuwa nausukuma chini kuungojea mlio ambao haukuja, na siku zote nilikuwa nalaumu bunduki ati inapiga chini! Dawa yake ilikuwa kufinya triga bunduki ikiwa tupu, imekaguliwa na watu wawili, sarafu ya shilingi imewekwa juu ya mtutu na isianguke. Nilifanya hivyo jioni nyingi sana.

Nyinyi ambao bado mko nyumbani chukueni mti wa ufagio, zoeeni kusimama, kupiga goti na ile ya kufunga macho, dakika kumi zinatosha. Lakini fanyieni ndani ya ua. Mmoja wa wale wawili nimemkuta jana magharibi kando ya barabara kuu amelenga mti wake upande wa magari, nikamwambia mwanangu, askari wa doria akipita hapa hatauliza kama huo ni ufagio.