Leta Imekuhamisha, Nyumba Iko Lubumbashi: Gharama Zako Zitarudi Vipi?

Mfanyakazi wa leta (serikali) akihamishwa kutoka Lubumbashi kwenda Kolwezi, wa kwanza kutafutwa ni komisioneri wa kuuza nyumba. Pesa huanza kupotea hapo hapo. Kabla hujamwonyesha mtu nyumba, pata barua ya mwajiri inayosema ni gharama zipi za kuuza na kununua zitarudishwa, hadi kiwango gani na mpaka tarehe gani. Matumizi ya leta hupita hatua nne: kuwekewa fungu, kuhakikiwa, kuidhinishwa, ndipo yalipwe. Gharama isiyowekewa fungu tangu mwanzo hukwama, hata ukileta risiti za kujaza bahasha.

Walio kwenye mashirika ya leta wasome kifungu cha uhamisho katika mkataba wao wa kazi. Kikitaja usafiri wa familia na mizigo tu, nyumba haimo. Iombee kwa barua kabla ya kuripoti kituo kipya.

Wanaojadili mkataba mpya wanaweza kuazima kanuni za Marekani, maana zina namba. Mtumishi wa serikali kuu ya huko akihamishwa hurudishiwa gharama za kuuza zisizozidi 10% ya bei aliyouzia, na za kununua zisizozidi 5% ya bei aliyonunulia. Yote yakamilike ndani ya mwaka 1 tangu aripoti, na anaweza kuongezewa mwaka mwingine. Lazima atie sahihi kwamba atabaki kazini miezi 12. Riba ya mkopo, kodi ya mali inayolipwa serikalini, bima ya mali na hasara ya kuuza kwa bei ya chini hazirudishwi. Dai kiwango na muda vya namna hiyo. Neno «gharama za nyumba» peke yake litakuletea ugomvi na mhasibu.

Sasa makaratasi. Kwa sheria ya ardhi ya Kongo ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi ni ya leta, na haki ya mwenye parseli huthibitishwa na sertifika ya konsevateri, yaani ofisa wa leta anayeandikisha hati za ardhi. Fishi ya parseli ya komini haitoshi. Ukinunua, usihesabu kazi imekwisha siku ya kutia sahihi kwa notari: mpaka sertifika mpya itoke kwa jina lako, bado hujawa mwenyewe. Ukiuza ukiwa na ndoa, mke au mume naye akubali na kutia sahihi, la sivyo konsevateri ana haki ya kukurudisha.

Majina ndiyo yanayoangusha madosye mengi. Barua ya uhamisho ina jina, postnom na prenom. Noti ya malipo ya DGRAD (ofisi ya leta inayosimamia ada) imeacha postnom. Bodero ya benki, yaani risiti ya kuweka pesa, imeandikwa jina la shemeji aliyepeleka pesa. Mhasibu anaona watu watatu. Soma kila karatasi ukiwa bado dirishani, irekebishwe hapo hapo. Bei ikiwa ya dola na ada imelipwa kwa faranga, andikisha kiwango cha kubadilisha cha siku ile. Wino wa bodero nyingine hufifia, kwa hiyo piga kopi siku ile ile na uitie muhuri wa kuthibitisha.

Komisioneri naye apewe karatasi ya kutia sahihi: kiasi, anwani ya parseli, namba ya kitambulisho chake. Akikataa, tafuta mwingine. Zile pesa za «motivation» zinazoombwa ofisini hazina risiti na hakuna atakayekurudishia. Bora usizitoe kabisa.

Kolwezi ina hatari yake. Kwenye mtaa wake wa Kasulo, kobalti ilionekana chini ya nyumba na watu wakahamishwa. Kabla ya kulipa hata avansi, uliza kadasta ya ardhi na kadasta ya migodi (ofisi zenye rejista za viwanja na za migodi) kama parseli imelala ndani ya konsesio ya mgodi, na majibu uyapate kwa maandishi.

Peleka dosye pamoja na orodha ya kila karatasi, nakala ya orodha ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na makaratasi ya asili yabaki kwako mpaka pesa iingie kwenye akaunti.