Mchecheto wa bwawani uanze kutibiwa huku huku nyanda za juu

Swali la wiki lilituuliza: "Mtoto wako anaogelea vizuri mazoezini, lakini siku ya mashindano anatetemeka na kushindwa kufanya anachokijua. Unamsaidiaje?" Mimi naona kazi kubwa inafanyika wiki kadhaa kabla, hapa hapa nyumbani, na siku yenyewe mtu mzima anatakiwa kufanya mambo machache sana.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Iringa, na huwa nawasindikiza watoto wa kuogelea wanapokwenda kushindana Dar es Salaam. Nawaandikia hasa wazazi wa Iringa, Mafinga, Njombe na Mbeya, kwa sababu watoto wetu wanabeba mzigo ambao wenzao wa Pwani hawana. Wengi wamejifunzia kwenye mabwawa ya hoteli. Bwawa limepinda pinda pembeni, halina kamba za leni, yaani za kutenga njia ya kila mwogeleaji, halina jukwaa la kurukia, na maji ya Juni na Julai yana baridi ya kuuma mifupa. Mtoto huyo anashuka mlima Kitonga, anafika mjini kwenye joto, na asubuhi anasimamishwa mbele ya bwawa kubwa la mashindano. Vipaza sauti vinaita majina, waamuzi wamevaa nyeupe, watoto wengine wanapiga soga na makocha wao kama wako sebuleni kwao. Akitetemeka tunasema ni mwoga. Nakataa kabisa. Huyo mtoto amepatwa na ugeni, na ugeni unaweza kupunguzwa kabla hajapanda basi.

Wanaokumbuka Olimpiki ya Sydney ya mwaka 2000 watamkumbuka mwogeleaji Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta. Alikuwa amefanya mazoezi kwenye bwawa dogo la hoteli kwao, na kabla ya kufika Sydney hakuwa amewahi kuona bwawa la mita 50. Wenzake wawili wa kundi lake waliondolewa kwa kuruka kabla ya mlio wa kuanza, akaogelea mita 100 peke yake, uwanja mzima ukimtazama, akamaliza kwa dakika 1 na sekunde 52.72 akiwa hoi. Watu humtaja kama mfano wa moyo mkubwa, nami namheshimu sana. Ila nikimtazama kwa macho ya mwalimu, nawaza jinsi alivyopelekwa akakutane na kila kitu kwa mara ya kwanza siku hiyo hiyo, na wale wawili wakapoteza nafasi yao hata kabla ya kuogelea. Watoto wetu tusiwafanyie hivyo.

Sasa tunafanyaje? Tunaanza na filimbi. Kabla ya mbio mwamuzi hupiga filimbi fupi fupi mfululizo: waogeleaji wanavua nguo za juu na kujiweka tayari. Inafuata filimbi moja ndefu, wanapanda jukwaani. Halafu inakuja amri ya kukaa tayari, ambayo kwenye mashindano makubwa ya kimataifa hutolewa kwa Kiingereza, kisha mlio wa kuanza. Kati ya amri na mlio pana kimya, na mchecheto wote wa siku nzima hujikusanya pale. Ukiruka kabla ya mlio umeondolewa, hakuna kurudia. Kwa hiyo nunueni filimbi. Fanyeni mpangilio huo wote kila mwisho wa mazoezi, mtoto akiwa ukingoni mwa bwawa, na urefu wa kile kimya mbadilishe: leo kifupi, kesho kirefu mpaka miguu ichoke. Mtoto aliyezoeshwa hivyo husubiri sauti. Asiyezoeshwa hubahatisha.

Kitu cha pili ni macho. Kwenye bwawa la mashindano kuna mstari mweusi chini ya kila leni, unaokatika mita 2 kabla ya ukuta na kuishia kwa mstari wa kukingama. Juu, mita 5 kutoka ukutani, kuna kamba yenye bendera ndogo ndogo za kumwongoza anayeogelea kwa mgongo. Mtoto asiyejua hayo, ukuta humkuta ghafla au haumfikii kabisa, akapaniki katikati ya maji. Kwetu tunafunga kamba yenye vipande vya kanga juu ya bwawa la hoteli, mita 5 zilizopimwa kwa futi ya fundi, na kila mtoto anahesabu mikono yake, yaani mara anazopiga maji kwa mikono, kutoka kwenye vitambaa mpaka ukutani. Binti mmoja wa darasa la sita anajua ni mikono minne. Alipoziona bendera za Dar kwa mara ya kwanza alinigeukia akasema, "Mwalimu, kumbe ni kanga zetu!" Mabega yake yalishuka pale pale.

Vilevile wazoesheni kuharibikiwa. Kwenye fainali ya mita 200 mtindo wa kipepeo, Olimpiki ya Beijing 2008, miwani ya Mmarekani Michael Phelps iliingia maji mpaka akawa haoni ukuta. Aliogelea kwa kuhesabu mikono na akashinda kwa rekodi ya dunia. Kocha wake, Bob Bowman, alikuwa ameshamzoesha mambo ya namna hiyo miaka mingi nyuma. Inajulikana kwamba aliwahi kumkanyagia miwani kwa makusudi kabla ya mbio. Sisemi mkanyage miwani, miwani ni ghali. Mwambieni mtoto aogelee siku moja moja bila miwani, siku nyingine ageuze akiwa amefumba macho hatua ya mwisho huku mtu amesimama karibu, siku nyingine aanze bila kupasha misuli kama kawaida. Mkanda wa miwani ukikatika siku ya mashindano atakuwa ameshakutana na jambo la jinsi hiyo.

Kuhusu mwili, mtoto aelezwe ukweli mezani nyumbani, kwa utulivu, siku nyingi kabla. Moyo unakwenda mbio kwa sababu unapeleka damu kwenye mapaja na mikono inayotaka kufanya kazi. Tumbo linakuwa joto kwa sababu kwa muda huo damu imepunguzwa huko. Mkojo wa kila baada ya dakika tano ni sehemu ya mambo hayo hayo. Mtoto anayeelewa hivyo hashtuki akisikia dalili. Mwaka 2014 mtafiti Alison Wood Brooks wa Chuo Kikuu cha Harvard alichapisha utafiti wake kuhusu watu waliokuwa karibu kuimba, kuhutubia au kufanya hesabu: waliojiambia kwamba wamejawa na msisimko walifanya vizuri kuliko waliojiambia watulie. Ndiyo maana simwambii mtoto "tulia". Namwambia, "Mwili wako umeamka, una hamu ya kazi." Watoto wanalishika haraka kuliko sisi.

Jambo jingine la kuwaambia, maana ni kweli na linawapa moyo: Iringa na Mbeya tuko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Huko chini kila pumzi ina oksijeni nyingi kuliko waliyoizoea. Joto ndilo litakalowasumbua, kwa hiyo maji ya kunywa na kivuli.

Chakula sina mengi. Uji, mkate, ndizi, saa mbili au tatu kabla ya mbio. Chipsi mayai za njiani na vinywaji vya kuongeza nguvu viachwe.

Pumzi ndiyo dawa ya benchi. Kuvuta kwa pua ukihesabu hadi nne, kutoa polepole ukihesabu hadi sita au zaidi. Kutoa kirefu ndiko kunakopunguza mapigo. Waogeleaji wana bahati, kwa sababu wanaweza kuifanya ndani ya maji wakati wa kupasha: kichwa chini, mapovu yatoke taratibu mpaka yaishe. Lakini naomba sana, msiwaruhusu kuvuta pumzi nyingi za haraka haraka kabla ya kuruka, kama tunavyoona wengine wakifanya. Kufanya hivyo kunapunguza hewa ya ukaa mwilini, na hiyo ndiyo inayomwambia mtu sasa vuta pumzi. Mtoto anaweza kuzimia chini ya maji bila kusikia haja ya kuibuka. Na mwenye pumu asiambiwe kwamba ni mchecheto. Dawa yake ya kuvuta iwe ukingoni, kocha ajue.

Sasa niseme la wazazi, na hapa nitasema wazi. Nimekaa kwenye benchi la watoto nikasikia simu zinazopigwa kutoka nyumbani asubuhi ya mashindano. "Usituangushe." "Kumbuka nauli tumeitoa kwa shida." "Babu yako anasubiri medali." Zinasemwa kwa mapenzi, najua. Lakini mtoto wa miaka kumi na moja anapewa nauli, babu na ukoo mzima apande navyo jukwaani. Niliwahi kumwona mvulana akishika simu kwa mikono miwili, akiitikia "sawa baba, sawa baba", huku kidole gumba kikikwangua kifuniko cha nyuma bila kukoma. Alipokata simu aliomba kwenda chooni tena. Kofia alishaivaa, akaivua, akaivaa upya, na masikio yote mawili yakabaki nje. Nilimrekebishia kofia nikamuuliza mikono mingapi kutoka kwenye vitambaa. Akajibu, "Mitano." Nikamwambia basi kazi yako ni hiyo mitano.

Piga simu usiku uliotangulia, useme unampenda na umtakie usingizi mwema. Asubuhi mwache na kocha. Ukiwa umesafiri naye, kaa kwenye viti vya watazamaji, usiteremke ukingoni kumpa maelekezo ya mikono. Usimtajie Collins Saliboko na Sophia Latiff waliotuwakilisha Paris 2024 kana kwamba anadaiwa kuwafikia leo. Na sala: familia nyingi zetu huomba kabla ya safari, ni jambo jema na linamtuliza mtoto. Iwe sala ya kumkabidhi kwa Mungu afike na kurudi salama. Nimesikia sala za kuamuru ushindi, na mtoto akishika nafasi ya saba anabaki akijiuliza amemkosea nani.

Akisema "sitaki kuogelea", muulize mara moja tu anachoogopa, msikilize mpaka amalize. Mara nyingi ni kitu kidogo: hajui choo kiko wapi, kaptura inabana, kundi lake limebadilishwa. Kitatueni. Akisisitiza hataki, aache, na asisimangwe kwenye basi. Kama mchecheto unamnyima usingizi kwa wiki nyingi au anatapika hata siku za mazoezi, hilo limeshapita uwezo wa kocha. Mpelekeni hospitali akaonane na mtaalamu.

Akitoka majini, swali la kwanza lisiwe "umekuwa wa ngapi?" Mpe taulo, mpe maji. Mwulize kimya cha kabla ya mlio kilikuwa kirefu au kifupi, aliona bendera, alihesabu? Mchecheto wa mbio zijazo hupandwa dakika hiyo, na matokeo atayaona ubaoni mwenyewe.

Kuna ombi moja, nalipeleka kwa wenye hoteli na vilabu vyenye mabwawa Iringa na Mbeya. Tupeni muda wa saa moja asubuhi mapema siku za Jumamosi kabla ya wageni hawajaamka, na mturuhusu kufunga kamba mbili za leni na ile ya vitambaa. Kamba tunaleta wenyewe, tunazifungua tukimaliza, na watoto wanaoga kabla ya kuingia majini.

Mwalimu na msomaji wenu, Iringa