Ulichomoa waya dakika ya 79, mwanangu, na homa haikuwa sababu

*Shikamoo shangazi. Nina miaka kumi na moja katika ndoa na watoto wawili. Mume wangu ananiadhibu kwa jambo ambalo si kosa. Siku ya fainali ya Kombe la Dunia la 2022, Argentina na Ufaransa, alikuwa na homa kwa siku ya tatu. Siku mbili za mwanzo alikuwa hoi, hata kazi za ofisi alizifanyia kitandani, kompyuta mapajani. Asubuhi ya fainali kipimajoto kilionyesha 39. Nilimwambia alale, akajikokota hadi sebuleni na blanketi lake. Yeye ni wa Messi tangu tukiwa wachumba. Mwaka 2014 nilimwona akilia Ujerumani walipowafunga. Mama yake, aliyekuja kumjulia hali, badala ya kunisaidia alikaa naye kwenye kochi akasema, "Mwache mwanangu atazame." Nikavumilia. Wakati wa mapumziko nilimpima, 37.6, nikampa maji. Kipindi cha pili akaanza kupiga kelele na kushika kichwa. Nimewahi kusoma kwamba mpira unaua watu kwa mshtuko wa moyo. Ilipobaki kama dakika kumi na moja, Argentina wanaongoza mbili bila na mechi imekwisha, nilichomoa waya ukutani nikampeleka akalale. Hakubisha. Majirani walipiga makelele karibu saa nzima, mgonjwa wangu hakupata usingizi. Tangu siku ile haangalii mpira nyumbani, anaenda kwa kaka yake. Sasa ananiambia Kombe la Dunia la 2026 ataliangalia kwa mama yake. Mke anayemlinda mumewe amekosa nini? Na huyu mama mkwe nimfanyeje?*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kuuguza. Siku tatu za kuamka usiku kupima joto na kubadilisha shuka zinamchosha mtu hadi kwenye mifupa, na hilo nakuamini. Pole yangu inaishia hapo, kwa sababu barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikiirudia mumeo anazidi kuwa na haki.

Tuanze na kipimajoto, maana umekileta mwenyewe. Asubuhi 39. Wakati wa mapumziko 37.6. Homa ilikuwa imeshuka, mwanangu, tena imeshuka akiwa kwenye kochi lile lile unalolishtaki. Mtu alikuwa amelala chini ya blanketi, ana maji, mama yake yuko pembeni. Hilo ndilo pumziko lenyewe. Mwili unapopambana na homa unataka kutulia na kunywa maji, haujali kama macho yanatazama dari au yanatazama runinga.

Halafu kompyuta. Umeiandika kwa haraka ukaipita, mimi nikasimama hapo hapo. Siku mbili za mwanzo, alipokuwa hoi kwa maneno yako mwenyewe, alifanya kazi za ofisi kitandani. Waya wa kompyuta ulichomoa? Hukuchomoa. Ulimwekea mto mgongoni afanye kazi vizuri, nina hakika. Kazi ilipomchosha mgonjwa hukuona hatari. Furaha ilipomgusa ndipo ukakumbuka moyo wake. Njia ya mwongo ni fupi, na hapa sisemi unanidanganya mimi. Umejidanganya mwenyewe miaka yote hii kwamba ile ilikuwa huduma ya mgonjwa.

Ulichokiona sebuleni nitakwambia. Ulimwona mumeo, ambaye kwa siku tatu hakuwa na neno la kukuambia zaidi ya "nipe maji", ghafla ana macho, ana sauti, ana furaha. Na furaha ile haikutoka kwako. Kwenye kochi alikuwapo mama yake, nawe ulikuwa umesimama mlangoni na bilauri. Kwa nini hukukaa? Kochi lina nafasi ya watu watatu. Barua yote hii ndefu, hakuna mahali ulipoandika kwamba ulikaa.

Sasa nikueleze ulichomnyima, kwa sababu nadhani hadi leo hujui. "Mechi imekwisha," umeandika. Mwanangu! Ulichomoa waya dakika ya 79. Dakika ya 80 mshambuliaji wa Ufaransa, Mbappé, akafunga kwa penalti. Sekunde 97 baadaye alifunga tena, mpira ukiwa bado hewani, ikawa mbili kwa mbili. Wakaenda muda wa nyongeza. Dakika ya 108 Messi akafunga, tatu kwa mbili. Dakika ya 118 Mbappé tena, penalti, tatu kwa tatu. Zikiwa zimebaki sekunde chache, Mfaransa Kolo Muani alibaki peke yake na kipa, na Emiliano Martínez akautoa mpira kwa mguu. Kisha mikwaju ya penalti, Argentina wakashinda nne kwa mbili. Walikuwa hawajalibeba kombe hilo tangu 1986, miaka 36. Messi mwenyewe alikuwa kwenye Kombe lake la tano, na mara ya mwisho kufika fainali ilikuwa hiyo ya 2014, alipopita kando ya kombe akilitazama bila kuligusa. Siku hiyo ndiyo mumeo alilia mbele yako. Ulikuwapo. Ulijua.

Wapenzi wa mpira wengi wanaitaja fainali ile kuwa bora kuliko zote walizoziona. Mumeo aliisikia kupitia ukutani. Hebu mfikirie: chumba kina giza, shuka zimelowa jasho, kichwa kinagonga. Nyumba ya pili wanalipuka kwa kelele. Anajiuliza, ni bao? La nani? Dakika moja na nusu haijaisha, wanalipuka tena. Halafu kimya. Halafu tena. Karibu saa nzima. Nawe uliyasikia makelele hayo ukakasirika kwamba majirani hawana adabu, wala hukumwuliza kama angependa kujua kinachoendelea. Simu ilikuwa mkononi mwako. Neno moja tu, "wamesawazisha," ungelimwambia mlangoni.

Unasema hakubisha. Mtu mwenye homa ya siku tatu abishane na nani? Nguvu ya kusimama hana. Ukimya wa mgonjwa usiuhesabu kuwa ni kukubali.

Kuhusu moyo, sitalipuuza, maana umeligusa jambo la kweli. Kombe la Dunia la 2006 lilipofanyika Ujerumani, madaktari wa Munich walihesabu dharura za moyo katika eneo lao. Siku ambazo Ujerumani walicheza ziliongezeka zaidi ya mara mbili na nusu, na nyingi zilitokea ndani ya saa mbili za kwanza tangu mechi ianze. Kwa hiyo mpira unaweza kumwangusha mtu, ni kweli. Lakini hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa waliokuwa tayari na ugonjwa wa moyo. Mumeo ana ugonjwa wa moyo? Hujaandika. Presha? Hujaandika. Ungelikuwa na hofu hiyo kweli, ungelimtafutia daktari kesho yake, na barua yako ingelitaja daktari angalau mara moja.

Nikuachie na hili kwa siku zijazo, kwa sababu kuuguza utauguza tena. Mgonjwa akianza kubanwa kifua au maumivu yakashuka mkononi, akikosa pumzi, akizungumza maneno yasiyoeleweka, shingo ikikakamaa, au homa ikipanda isitake kushuka, hapo usiulize ni dakika ya ngapi. Mpeleke hospitali, hata kama imebaki penalti moja. Hatakulaumu, na akikulaumu niandikie mimi, nitamjibu. Lakini kupiga kelele na kushika kichwa timu yake inapocheza fainali si dalili ya ugonjwa.

Sasa mama mkwe. Unataka nikupe dawa ya kumtuliza. Sina, wala hahitaji. Alikuja kumwona mwanawe mgonjwa, akakaa karibu naye, akatazama kile mwanawe anachotazama. Sidhani kama alijua hata sheria ya kuotea. Alichojua ni kwamba mgonjwa anataka mtu pembeni. Mtu mzima akiugua hurudi utotoni kidogo, na mama yake akarudi naye. Alikupa ushauri kwa maneno matatu, "Mwache mwanangu atazame," ukausikia kama vita. Angekuwa mama mkwe mbaya angekunyang'anya ule waya. Alikuheshimu ndani ya nyumba yako akanyamaza, nawe umemlipa kwa kumweka kwenye barua kama mshtakiwa.

Mwaka 1997, tarehe 11 Juni, Michael Jordan alicheza mechi ya tano ya fainali za mpira wa kikapu Marekani akiwa mgonjwa, hana nguvu. Alifunga pointi 38, na Chicago wakashinda 90 kwa 88. Mimi sishauri mgonjwa yeyote acheze, na wala sijali zile pointi. Nakumbuka alivyotoka uwanjani akiwa ameegemea bega la mwenzake, Scottie Pippen, miguu haimbebi. Pippen hakumwambia "nilikwambia ulale." Alimshika tu. Hilo ndilo mumeo alilitafuta kwenye kochi lile, akalipata kwa mama yake. Ndiyo maana 2026 anarudi kwa mama yake. Hakuna fumbo hapo.

Na si wewe peke yako, barua za namna hii zinanijia kila mara. Ndoa za siku hizi watu wanajuana ratiba, hawajuani furaha. Mke anajua mume anarudi saa ngapi, ana mkopo wa kiasi gani na nenosiri la simu yake ni nini, lakini ukimwuliza ni kitu gani kinamfanya mumewe acheke hadi machozi, anatazama dari. Na wanaume vivyo hivyo: mwenzake akikaa na tamthilia yake aipendayo, anapita mbele ya runinga mara kumi kutafuta chaja. Kila mmoja anaona anachokipenda mwenzake ni upuuzi unaomwibia muda. Pilipili usiyoila yakuwashiani? Tumefundishwa kwamba ndoa ni kuvumilia mabaya ya mwenzio, na hilo tunajitahidi sana. Mazuri yake yasiyotuhusu ndiyo yanatushinda. Mume akiugua tunajua la kufanya, akifurahi bila sisi tunaona tumeibiwa.

Basi, la kufanya. Usimnunulie runinga mpya, na usimwambie "mbona ni mpira tu." Mpira tu haumfanyi mtu mzima akimbie sebule yake mwenyewe. Kaa naye siku ambayo watoto wamelala, umwambie hivi kwa maneno yako: nilichomoa waya kwa sababu niliona wivu, nikasingizia homa. Usiongeze "lakini". Nakufahamu tayari, utataka kuongeza "lakini nilikuwa nimechoka." Hiyo umeze.

Akikusikiliza, mwombe akuonyeshe mechi ile. Rekodi zake zipo. Mwombe aanzie dakika ya 79, mahali ulipoikata, na wewe ukae, si kusimama mlangoni. Atakueleza mambo mengi usiyoyaelewa, nani kampa nani pasi, kwa nini kipa yule ameruka vile. Mwache aeleze. Huenda akakataa. Miaka ni mingi na amezoea kwa kaka yake. Akikataa usinune, rudia baada ya wiki mbili.

Fainali ya 2026 ni tarehe 19 Julai, na kuna mechi 104 kabla mashindano hayajaisha, kwa hiyo nafasi ya kukaribishwa kwenye kochi unayo. Lakini akisema ameshaahidi kwa mama yake, usimzuie. Omba kwenda naye.

Na mama mkwe umpigie leo, kabla hujazungumza na mumeo. Umsalimie, umwulizie afya yake, kisha umwambie kwamba siku ile alisema kweli hukumsikia. Atanyamaza kidogo. Usiujaze ukimya huo kwa maelezo. Subiri aseme yeye.