Heshima yote hiyo, halafu pingamizi liko wapi?

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: mtu anayetaka kumpinga bosi, mteja au mfanyakazi mwenzake kwa Kiingereza cha kikazi afanyeje ili asionekane jeuri? Nawajibu kama mkadiriaji majenzi. Watu hudhani kazi yetu ni kupima zege na kuhesabu nondo. Hiyo ipo, lakini muda mwingi unaishia kwenye barua za kukataana. Mkandarasi anadai, mhandisi mshauri anakata, mwajiri, yaani mwenye mradi, anauliza kwa nini, na yote hayo kwa Kiingereza, hata pale ambapo mezani hakuna hata mmoja aliyelelewa na lugha hiyo.

Kwa ninavyoona, sisi wa huku hatusumbuliwi sana na jeuri. Kinachotusumbua ni heshima inayomiminwa mpaka pingamizi lenyewe linazama. Chukueni barua ya aina hii, ambayo nadhani ofisi nyingi zitaitambua: "With all due respect, we humbly wish to kindly bring to your esteemed attention that there might be a slight issue with the quantities." Mwandishi ameinama, amepiga magoti, amevua na viatu, lakini aliyeandikiwa bado hajui anaambiwa nini. Kuna tatizo au hakuna? La kipimo kipi? Wanataka lirekebishwe, au wanataarifu tu? Mhandisi mwenye barua nyingine hamsini mezani ataiweka pembeni, na hatakuwa na kosa.

Najua tabia hii tumeitoa wapi. Barua zetu za Kiswahili huanza na "Yah:", kisha "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu", na adabu yote inakaa mlangoni. Vikaoni nako anayetaka kupinga huwa hapingi, "anaongezea". "Mwenyekiti, naomba niongezee kidogo pale alipoishia mzungumzaji aliyetangulia," na hapo wote tunajikaza, maana tunajua kinachokuja. Mfumo huo unafanya kazi vizuri sana kwa watu walioukulia. Ukiuhamishia kwenye Kiingereza neno kwa neno, unabaki na hodi ndefu bila mgeni kuingia.

Kiingereza rasmi nacho kina adabu yake, ila kimeiweka mahali pengine. Sehemu kubwa iko kwenye vitenzi: "would" badala ya "will", "might" badala ya "is", "I was wondering whether" wakati mtu anajiuliza sasa hivi. Hilo la kurudisha kitenzi nyuma lisitushangaze, maana nasi tukienda dukani husema "nilikuwa naomba kilo moja ya unga" ilhali ndiyo kwanza tumefika. Sehemu nyingine iko kwenye kumwondoa mtu ndani ya sentensi. Hawaandiki kwamba wewe umesahau, wanaandika kwamba hati imeacha kitu.

Barua ile ile ningeiandika hivi. Mstari wa kwanza unashukuru kwa barua yao na kutaja tarehe yake, basi. Wa pili unapinga: "We regret that we are unable to agree with the quantity certified under item 4." Iangalieni vizuri sentensi hiyo, maana adabu yote ya barua imo humo. "Regret" imebeba masikitiko, kwa hiyo hakuna haja ya "humbly" wala "esteemed". "Unable" inasema hatuwezi, kana kwamba tungependa kukubali lakini vipimo vimetuzuia. Na tunachokikataa ni kiasi kilichoandikwa kwenye kipengele cha 4, si akili ya mhandisi. Baada ya hapo zinakuja namba, tena bila mapambo: vipimo vya pamoja vya tarehe 24 Februari, vilivyosainiwa na pande zote mbili, vinaonyesha mita za ujazo 412, hati ya malipo imeandika 368, tofauti ni 44, na nakala imeambatishwa. Mwisho tunaomba kitu kimoja kinachoeleweka: "We should be grateful if you would review the quantity and correct it in the next certificate." Imeisha. Haijafika nusu ukurasa, na hakuna anayeweza kusema ametukanwa.

Hapo kuna jambo moja ambalo vijana ninaofanya nao kazi huchelewa kulishika. Maneno ya kulegeza, kama "appears", "seems" au "perhaps", tunayatumia kwa yale tusiyoweza kuyaona: nia ya mtu, sababu zake, kilichotokea ofisini kwake. "The certificate appears to omit the second layer" ni sentensi nzuri, kwa sababu inamwachia mlango wa kutokea. Huenda karani alikosea kunakili, huenda kuna karatasi haijafika. Lakini ulichokipima mwenyewe usikilegeze. Ukiandika "our records seem to show 412", umemwambia kwamba hata wewe huviamini vipimo vyako, na mhandisi mwenye busara atabaki na 368 yake.

Kuhusu "with all due respect", ushauri wangu ni kuiacha kabisa. Mawakili wa Uingereza wana utani wao wa siku nyingi: "with respect" maana yake umekosea, "with great respect" umekosea sana, na "with the greatest respect" ni kwamba akili yako inahitaji kuangaliwa. Kila heshima inavyoongezwa, tusi linapanda daraja. Mtu wa huku anayeongeza "the greatest" ili awe mpole zaidi anaweza kusikika kinyume kabisa na alivyokusudia. Mahakamani kauli hizo zina kazi yake, kwa kuwa kila aliyemo anazijua. Kwenye barua ya kokoto hazina kazi.

"Kindly" nayo tumeizidisha, sisi na wenzetu wa India. "Kindly note that..." ni amri iliyovalishwa kanzu. "Please" moja kwenye ombi inatosha.

Anayetaka kuona ufundi wenyewe ukifanywa na wakubwa wake asome hukumu. Mwaka 1941, vita vikiwa vimepamba moto, majaji wa juu kabisa wa Uingereza walikubali kwamba waziri anaweza kumweka mtu kizuizini bila mahakama kuchunguza kama ana sababu za maana. Jaji mmoja tu, Lord Atkin, alikataa, na alikataa kwa maneno makali yaliyowachoma wenzake. Ilipofika 1979, Lord Diplock akasema wakati umefika wa kukiri waziwazi kwamba wale wengi walikuwa "expediently and, at that time, perhaps, excusably, wrong", na kwamba Atkin ndiye aliyekuwa sahihi. Tazameni mpangilio. Walikosea kwa sababu hali ilibana, kwa nyakati zile, labda, na inasameheka. Watu wale amewafunika kwa mito pande zote. Lakini neno "wrong" liko pale pale mwishoni, halikuguswa, wala hakuandika "slightly wrong".

Marekani nako jaji asiyekubaliana na wenzake kwa desturi humaliza kwa kusema anapinga kwa heshima, "I respectfully dissent". Desemba 2000, kwenye kesi ya Bush dhidi ya Gore iliyoamua urais, Ruth Bader Ginsburg aliandika "I dissent" peke yake. Neno moja lililokosekana lilizungumzwa kuliko kurasa nzima. Ndiyo faida ya kutunza adabu kila siku, kwamba siku ukiipunguza kidogo tu, watu wanasikia.

Bunge la Uingereza limekwenda mbali zaidi, limeiandikia adabu kanuni. Wabunge hawazungumzi wao kwa wao, wanazungumza na Spika, kama ilivyo kwetu Dodoma na Nairobi. Mwenzako ni "honourable", na kumwita mwongo ni marufuku. Julai 2021 mbunge Dawn Butler alisema waziri mkuu wa wakati ule, Boris Johnson, amelidanganya Bunge, akagoma kuyafuta maneno yake, akatolewa nje kwa siku hiyo. Kanuni haimzuii mbunge kuonyesha, takwimu kwa takwimu, kwamba alichosema waziri si kweli. Inamzuia kusema kwamba waziri alijua si kweli. Mimi kanuni hiyo siipendi sana bungeni, maana kuna siku uongo unapaswa kuitwa uongo. Ofisini naikubali kwa mikono miwili.

Narudi kwenye mikataba, maana huko adabu iliyozidi ina bei. Miradi mingi mikubwa ya ujenzi inafuata masharti ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri. Kwenye toleo lake la 1999 linaloitwa kitabu chekundu, bodi ya kuamua migogoro ikishatoa uamuzi, upande usioridhika una siku 28 za kutoa taarifa ya kutoridhika. Zikipita kimya, uamuzi unakuwa wa mwisho na unawafunga wote. Tena kifungu kinataka taarifa iseme kwamba inatolewa chini ya kifungu hicho hicho, cha 20.4, itaje jambo linalobishaniwa, na itoe sababu. Toleo la 2017 lina siku 28 kama hizo hata kwa uamuzi wa mhandisi mwenyewe. Sasa fikiria kampuni imeandika barua tamu, imeshukuru kwa hekima ya bodi, ikasema ina "some reservations" na kwamba inatarajia mazungumzo ya kirafiki. Wakili wa upande wa pili ataisoma na kutabasamu. Mnaona ni pingamizi? Yeye anaona ni barua ya shukrani. Kwenye barua ya namna hiyo sentensi ya kwanza iwe kavu, "This is a notice of dissatisfaction given under Sub-Clause 20.4", na ukarimu uje baadaye kama nafasi ipo. Hakuna atakayekuona mkorofi kwa kutumia maneno ya mkataba aliousaini mwenyewe.

Mabalozi wamelijua hili zamani. Nota ya ubalozi hufunguliwa kwa salamu kwa wizara ya mambo ya nje na kufungwa kwa kuhakikishia heshima ya juu kabisa, hata ile inayolalamika vikali. Salamu ni fremu tu, haibadiliki. Katikati ya fremu unaweza kuwekwa moto.

Kuongea ni kugumu kuliko kuandika, kwa sababu hakuna muda wa kufuta. Na bosi akiwa ndiye anayekosea, ulimi unalegea wenyewe. Mfano unaonikaa kichwani ni wa Januari 13, 1982, Washington. Ndege ya Air Florida ilikuwa inaondoka katika theluji, na kipimo cha nguvu za injini kilikuwa kinadanganya kwa sababu ya barafu. Rubani msaidizi aliona. Akasema haionekani sawa, kisha akasema si sawa. Nahodha akajibu kwamba ni sawa, huku akitaja mwendo. Msaidizi akajaribu tena, "I don't think that's right", halafu pale pale akajirudi mwenyewe: "maybe it is". Ndege iligonga daraja na kutumbukia mto Potomac, wakafa watu 78 kwa jumla, wanne kati yao wakiwa kwenye magari darajani. Hicho hakikuwa Kiingereza cha barua, najua. Lakini ile "maybe it is" naisikia vikaoni kila mara, kwa mavazi tofauti: "but I stand to be corrected", "but it's just my opinion", "but you know better, sir". Kijana ametoa hoja nzuri, kisha ameirudisha mfukoni kabla hajajibiwa.

Ninachowashauri wasaidizi wangu wafanye mbele ya mkubwa ni kurudia hoja yake kwanza, kwa haki, hadi mwenyewe aitikie. "If I have understood you correctly, the delay was ours." Akishasema ndiyo, unaweka karatasi mezani: "I see it differently, and this is the page." Kisha unanyamaza. Kunyamaza huko ndiko kugumu kuliko Kiingereza chenyewe, maana mtu anatamani ajaze ukimya kwa samahani. Ikiwa kuna wageni au mteja, omba dakika mbili nje, kwa lugha yoyote mnayoelewana. Mambo mengi niliyoona yakiharibika yaliharibika kwa sababu ya waliokuwa wanasikiliza, si kwa sababu ya maneno.

Na ukishatuma pingamizi lako, subiri jibu kwa macho makavu. Ukijibiwa "Noted" au "Noted with thanks", hujakubaliwa. Umesomwa. Andika tena siku hiyo hiyo, kwa upole ule ule: "May we take it that you agree?" Na siku 28 endelea kuzihesabu.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam